Kitanda cha Mwanasiti Langoni

Nyumbani kwa kina Hindu, pale Mtondoni baina ya Malindi na Sabaki, hapakupita siku bila mtu kuja na shida yake. Walikuja wakulima wa Magarini walioambiwa kuwa shamba walilozaliwa ndani yake si lao. Walikuja wavuvi waliochukuliwa nyavu, na wanawake waliofukuzwa kazi kwa sababu ya kushika mimba. Wote walivua viatu mlangoni, hata viatu vikajaa barazani, na Hindu akawa na kazi ya kuvitenganisha ili kila mtu arudi kwao na pea yake.

Baba yake, Gharib, alikuwa fundi cherehani, lakini cherehani yenyewe ilisimama zaidi ya ilivyokwenda. Mtu akileta kitambaa cha kanzu alimkuta fundi ameinamia barua ya kurasa sita kwa mkuu wa wilaya, na mara nyingi aliondoka bila kanzu ila jina lake limeshaingia kwenye barua. Mama yake, Mwanatumu, hakuwa mtu wa kuandika. Yeye alikuwa mtu wa kwenda. Alitoka asubuhi peke yake kwenda ofisi fulani kuuliza neno moja tu, na alipofika huko alikuwa na wanawake arubaini nyuma yake. Ukimuuliza amewaita vipi, atakwambia, "Sikumwita mtu. Waliniona napita."

Hindu alidhani nyumba zote ziko hivyo. Alikuwa darasa la tatu alipomuuliza rafiki yake, "Baba yako ameshakamatwa mara ngapi?" Yule mwenziwe akamwambia hata mara moja. Hindu akamwonea huruma kwelikweli, akamshika mkono, akamwambia, "Pole. Usijali, bado kijana."

Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na jambo moja tu lilimkera: hakuna aliyempa kazi ya maana. Watu wazima wakianza kuzungumza kwa sauti ya chini, yeye hutumwa dukani. Na walikuwa na sababu. Hindu akiwa na siri, siri ile humtekenya. Huanza puani, ikashuka kifuani, ikamshika tumbo, mara acheke mpaka akae chini. Mwaka uliopita baba yake alikuwa amejificha chumba cha uani askari wakimtafuta, na Hindu akasimama mbele yao akicheka, huku machozi yanamtoka, akisema, "Hayupo, wallahi hayupo," hata askari nao wakaanza kucheka, kisha wakaenda moja kwa moja uani.

Mwaka ule wa themanini na sita, hoteli mpya iliyojengwa pwani, Lulu Nyeupe, iliifunga njia ya kwendea baharini. Njia ile watu wa Mtondoni waliipita tangu babu za babu zao. Wanawake walipita kwenda kununua samaki wa kukaanga, watoto walipita kwenda kuogelea, na upande wa pili, mchangani, kulikuwa na nyumba saba za wavuvi. Ulijengwa ukuta wa mawe, na penye njia likawekwa lango la chuma la milango miwili, limepambwa maua ya chuma kila upande, zuri la kupendeza. Mtu akitaka kwenda baharini sasa azunguke maili mbili juani.

Gharib aliandika barua nne. Ya nne ilijibiwa kwa mstari mmoja: imepokewa. Mwanatumu akataka kuitisha mkutano, akaambiwa mkutano hauitishwi bila leseni, na leseni yenyewe inatolewa na wale wale wasiojibu barua.

Na lililoitia nyumba ile aibu zaidi ya yote ni kwamba lango lile lilichomelewa na Mahadhi, mchumba wa Mwanasiti, halati yake Hindu, ndugu wa mama yake. Mahadhi alikuwa fundi wa vyuma. Aliletewa vipimo na mtu asiyemjua, akaambiwa ni vya lango la bustani, naye kijana wa watu akajitahidi, akaongeza na maua bila kuombwa. Alipokwenda kulipachika ndipo alipoona linasimama wapi. Na ubaya wa mambo, mama yake mwenyewe alikaa katika moja ya zile nyumba saba za mchangani.

Alikuja usiku ule ule kumweleza Mwanasiti. Mwanasiti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Maua ni mazuri. Lakini mimi nikiolewa nitakaa kwa mamako, upande wa pili, na siendi kwa mume wangu kwa kuzunguka barabara ya lami kama mzigo wa kuni. Nitapita njia yangu. Lango umelitengeneza wewe, utalifungua wewe. Hapo ndipo tutakapooana."

Miezi ikapita, barua zikashindwa, na usiku mmoja Mwanasiti alipolirudia neno hilo mbele ya wote, Mahadhi akiwapo, ndilo lililowasha moto. Aliyelidaka ni Mwalimu Jedida, mwalimu wa shule ya msingi kutoka bara, aliyepanga chumba kwa kina Hindu na kupiga chapa barua za Gharib. Alikuwa anakula maembe mabichi kwa chumvi, akasimamisha kisu hewani.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Mkutano unataka leseni. Je, arusi?"

Watu wakatazamana. Gharib akavua miwani. "Arusi haina leseni," akasema polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Tangu lini arusi ikawa na leseni?"

"Na bibi arusi hupelekewa vyombo vyake kwa vugo," akasema Mwanatumu, macho yanang'aa. "Mji mzima nyuma, pembe zinagongwa."

"Na mimi nina kitanda," akasema Mwanasiti.

Kitanda alichokisema kilikuwa samadari ya marehemu bibi yao, ya mti mzito mweusi, miguu minene kama ya tembo, pana ya kulala watu wanne bila kugusana. Kitanda kile hakiwezi kuzungushwa maili mbili. Mwenye akili yeyote angelikubali hilo. Kilikuwa na njia moja tu.

Mahadhi naye akaahidi sehemu yake. Lango limekalia pini, akasema. Ukiliinua kwa chini kidogo kwa mtaimbo, linatoka zima kama kifuniko cha sufuria. Kazi ya dakika moja.

Ndipo wote wakakumbuka kwamba Hindu yumo chumbani, amekaa juu ya gunia la mchele. Pua yake ilikuwa imeshaanza kutikisika.

"Ya Rabi," akasema Gharib. "Huyu amesikia."

"Wiki mbili," akasema mama yake, amemshika mabega. "Wiki mbili tu, Hindu. Utaweza?"

Hindu akaitika kwa kichwa, maana angefungua mdomo pangeharibika.

Zilikuwa wiki mbili ndefu. Alicheka chini ya shuka. Alicheka chooni. Alicheka katikati ya hesabu, mpaka Mwalimu Jedida, mwenyewe akiwa ameuma mdomo, akamtoa nje. Siku ya tisa alikuja chifu, akaketi barazani na fimbo yake, akanywa kahawa, akauliza kama arusi hii ni arusi kweli, maana amesikia wageni ni wengi.

"Shikamoo chifu," akasema Hindu, ameleta tende.

"Marahaba. Hebu wewe mtoto nambie, hii arusi ina nini ndani yake?"

Sahani ya tende ikaanza kutetemeka. Hindu akamtazama mama yake, akatazama dari, kisha kikamtoka kicheko kirefu, tende zikamwagika miguuni kwa chifu, na yeye mwenyewe akashuka sakafuni pamoja nazo.

"Ana kitanda!" akapiga kelele katikati ya kicheko. "Halati ana kitanda!"

Chifu akaona haya. Akamgeukia Mwanatumu, akasema kwa sauti nzito kwamba watoto wa siku hizi wanajua mambo mapema mno, akaaga, akaenda zake bila kuuliza tena. Usiku ule Gharib alimkumbatia binti yake, akamwambia kwamba hajawahi kuona mtu akificha siri kwa kuitaja.

Siku yenyewe, Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, Mtondoni nzima ilitoka. Mbele walikuwa wanawake wa vugo, kila mmoja na pembe yake ya nyati na kijiti cha kuigongea, kanga mpya zinanukia udi. Nyuma yao zikaja sinia, mito, birika za shaba na kioo kikubwa kilichobeba mawingu. Nyuma kabisa ikaja samadari, imebebwa na wanaume kumi na wawili, na Gharib kando yake akiamrisha kushoto na kulia ingawa hakuna aliyemuuliza. Bibi arusi kwa desturi hubaki ndani, hina haijakauka. Lakini Hindu alijua, na kujua kwenyewe kulimpa kizunguzungu cha raha, kwamba yule mwanamke mrefu aliye katikati ya msafara, amejifunika buibui gubigubi na mikono ameificha, si jirani wala shangazi wa mtu. Ni Mwanasiti mwenyewe.

Walipofika langoni, bawabu alisimama ndani, mikono nyuma. Aliitwa Musyoka, mtu wa bara, mpole, mwenye kofia kubwa kuliko kichwa chake. Mwanatumu akainua pembe yake, na wanawake wakaimba:

*Bawabu fungua lango, mwari yungali juani,*
*kitanda hakina mbawa, kitapitaje hewani?*

Wakaimba mara tatu, na kila mara sauti ikawa kubwa zaidi. Chini ya kelele ile Mahadhi akasogea na mtaimbo aliouficha ndani ya kanzu. Akauingiza chini ya lango, akainua. Lango halikuinuka. Akainua tena, mishipa ya shingo ikasimama. Akainama akatazama juu ya pini, kisha akamgeukia Gharib, uso umemsawijika.

"Wamezichomelea," akanong'ona. "Wameleta fundi mwingine, wamezichomelea kwa juu. Tena kazi mbaya, tazama."

Hindu akahisi kicheko chote cha wiki mbili kinaganda tumboni. Vugo likaanza kufifia. Watu wa nyuma, wasiojua, walikuwa bado wanasukuma mbele.

Ni Musyoka aliyezungumza. "Mama," akamwambia Mwanatumu kwa adabu, "mimi nimeambiwa nisipitishe watu."

"Najua, baba."

Akakuna shingo chini ya kofia. "Kitanda sikuambiwa."

Akatoa funguo. Mlango mmoja wa lango ulikuwa na kufuli yake. Wa pili ulifungwa kwa mnyororo ambao ufunguo wake uko kwa meneja. Akafungua ule mmoja, akausukuma wazi, akasimama pembeni kama mtu anayekaribisha wageni kwake. Samadari ikasogezwa. Ilikuwa pana kuliko nafasi kwa shibiri moja.

"Kilazeni upande!" akasema Gharib. "Kushoto! Kushoto kwangu, si kwenu! Inueni mguu ule! Si huo!"

Gharib aliweza kuandika barua ya kumliza hakimu, lakini hakuwahi kuingiza hata meza mlangoni. Samadari ikainuka, ikapinda, ikaingia nusu, na miguu yake miwili ikajipenyeza ndani ya maua ya chuma ya Mahadhi. Ikanasa. Wakavuta, haikurudi. Wakasukuma, haikwenda. Ikakaa pale katikati ya lango, imelala kwa mshazari kama paa la kibanda, nusu yake Mtondoni na nusu yake baharini.

Hapo likafika gari la polisi, na meneja wa hoteli anakuja mbio kutoka upande wa pili, shati limetoka suruali. Alishuka Inspekta Ndirangu, mgeni wa miezi miwili katika kituo. Alitazama watu, akatazama kitanda, akaonekana hajui aanze na lipi.

"Hii ni maandamano," akasema mwishowe.

"Naam, mwanangu," akajibu Mwanatumu. "Maandamano ya arusi."

"Maandamano iko na leseni?"

"Ya kuoa?" akauliza Mwalimu Jedida kutoka nyuma. "Afande, wewe ulipooa ulichukua leseni ya kubeba kitanda?"

Askari wawili waliokuwa nyuma ya Inspekta wakageuza nyuso zao.

"Kama ni arusi," akasema Ndirangu, "bibi arusi iko wapi? Nionyeshe bibi arusi."

Kisha yule mwanamke mrefu akatoa mikono yake miwili ndani ya buibui na kuinyoosha mbele. Ilikuwa na hina mbichi hadi viwikoni, maua na majani, nyeusi tititi.

"Ndiye mimi, afande," akasema Mwanasiti. "Na mume wangu ndiye huyo mwenye mtaimbo. Mama mkwe ameshapika pilau, linapoa upande wa pili."

Inspekta akavua kofia, akaivaa tena. "Nasikia, madam. Lakini njia imefungwa. Toeni kitanda, mrudi nyumbani."

"Kimenasa," wakasema watu thelathini kwa pamoja.

Wazazi wa Hindu wakatazamana. Hindu aliwajua, aliujua ule mtazamo, wa watu wanaojua kuwa neno litakalofuata huenda likawapeleka ndani. Akakitazama kitanda. Kwa watu wazima kilikuwa kikwazo. Kwa Hindu kilikuwa ni mbao pana zilizoinama vizuri, na juu yake, kule mwisho, aliona samawati.

Akavua viatu. Akakanyaga ukingo, akashika nguzo ya lango, akapanda kwa magoti, gauni la hariri limekusanywa mkononi. Alipofika juu akasimama. Upepo ukampiga usoni. Bahari yote ilikuwa pale, na mama yake Mahadhi mbele ya nyumba yake, na mwiko mkononi. Kile kicheko kilichoganda kikayeyuka mara moja, na Hindu akaruka, akaangukia mchanga wa upande wa pili akicheka kwa sauti ambayo hakuwahi kujua kuwa anayo.

"Afande," akasema Mwanatumu, "mwanangu yuko upande wa pili. Nimwache peke yake?"

Hakungoja jibu. Akaipachika pembe kwenye mshipi wa kanga, akapanda. Akafuata Mwalimu Jedida na viatu vyake vya visigino mkononi. Wakafuata wanawake wa vugo, mmoja mmoja, na kila aliyefika juu aligonga pembe mara moja kabla ya kuruka, *ko!*, na waliokwisha kushuka wakapiga vigelegele. Sinia zikapitishwa juu ya vichwa. Kioo kikapita. Kikongwe mmoja, mama wa imamu, alifika katikati akakaa, akasema godoro liletwe kwanza, na godoro likaletwa, akapumzika kidogo huku Inspekta Ndirangu amemshika mkono asianguke. Mwanasiti alipopanda, askari mmoja alimshikia ncha ya buibui bila kuagizwa. Mahadhi alifuata na mtaimbo wake. Wa mwisho alikuwa Gharib, aliyekwama juu kwa sababu alitaka kutoa hotuba, mpaka Musyoka akamvuta mguu.

Mchangani palikuwa na kelele ambazo Hindu hajapata kuzisikia. Watoto waliingia majini na nguo zao za arusi. Wanawake waliokaa miezi mitano bila kukanyaga pwani ile waliingia mpaka magotini, wakiinua kanga, wakimwagiana maji kama mabinti. Wazungu wa hoteli walitoka na kamera zao, na baadaye, walipoona pilau, walikuja na sahani zao. Meneja alikaa juu ya jiwe, ameshika kichwa. Mama yake Mahadhi akampelekea chakula yeye pia.

Samadari ilikaa langoni siku tatu. Maarusi walilala mkekani, hawakulalamika. Kwa siku tatu zile watu wa Mtondoni walikwenda baharini na kurudi kwa kupanda kitanda, na wageni wa hoteli nao wakakipanda kwenda kununua madafu kijijini, wakapigana picha. Meneja alitaka kitanda kikatwe. Gharib akamwandikia barua, safari hii ya ukurasa mmoja, kumuuliza ni nani atakayetia saini kwamba amekata kitanda cha bibi arusi siku za fungate. Hakuna aliyetia saini. Siku ya nne fundi wa vyuma akaitwa kulikata lango badala yake, na fundi wa vyuma wa karibu alikuwa Mahadhi. Alilikata kwa uangalifu mkubwa. Maua aliyaacha, bawaba hakuacha hata moja.

Jumanne Gharib na Mwanatumu waliitwa kituoni, wakaenda na Hindu kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwachia. Inspekta Ndirangu alikuwa na karatasi mbele yake na uso wa kazi.

"Nataka kujua kitu moja tu," akasema. "Nani alivuka wa kwanza?"

Gharib akatazama ukuta. Mwanatumu akatazama kucha zake. Hindu akaona kwamba wako tayari kukaa hivyo mpaka Ramadhani.

"Ni mimi," akasema.

"Nani alikutuma?"

"Sikutumwa. Nilitaka kuona bahari."

Ndirangu akaandika. Akasoma alichoandika, kimoyomoyo. Pembe za mdomo wake zikaanza kumponyoka, akazirudisha. "Umri?"

"Kumi na mbili na nusu."

"Na nusu," akarudia, akaandika. Kisha akaifunga faili na kusema kwamba yeye, kwa sheria anazozijua, hajui jinsi ya kumshtaki mtoto kwa kupanda kitanda cha shangazi yake. Akawaambia waende. Walipokuwa mlangoni wakasikia nyuma yao chumba kizima cha askari kikipasuka kwa kicheko.

Mambo hayakuisha siku ile. Kulikuwa na shauri mahakamani lililochukua mwaka na zaidi, na Gharib alilala ndani siku nne kwa jambo jingine kabisa. Lakini lango halikurudi, na shauri lilipokwisha njia ikaandikwa kuwa ni ya watu wote. Musyoka alifukuzwa kazi; Mahadhi akamchukua karakanani kwake, akamfundisha kuchomelea.

Siku ile ya kituoni, walikuwa wamefika njia panda ya Mtondoni, jua kali, baba yake anatangulia huku akiongea peke yake, tayari anatunga barua nyingine. Mama yake akapunguza mwendo mpaka wakawa sambamba.

"Ijumaa tunakwenda Magarini," akasema, kama anayemwambia mtu mzima mwenziwe. "Kuna watu thelathini wamepewa siku saba wahame. Utakuja?"

Hindu alihisi kitu kinamtekenya puani.

"Nivae nini?" akauliza.

"Vaa suruali chini ya gauni," akasema Mwanatumu. "Nasikia kuna ua wa kuruka."